Muulizeni Mzee Alifanya Kazi Gani

Fundi mstaafu wa mapaa akifika zahanati na kikohozi kisichoisha, hupimwa makohozi. Ni sawa, kifua kikuu kipo. Lakini majibu yakirudi safi, asiondoke na chupa ya dawa ya kikohozi tu. Aulizwe: ujanani ulifanya kazi gani?

Vumbi la asbesto halina haraka. Aliyekata karatasi za asbesto za kuezekea kwa msumeno mwaka 1985 anaweza kuugua leo, kwani saratani ya utando wa mapafu huchukua miaka 20 hadi 40, hata zaidi, kujitokeza. Huanza kwa kuhema akipanda ngazi, maumivu upande mmoja wa kifua, shati kupwaya. Mara nyingi maji hujaa kifuani. Yakivutwa kisha yakarudi, mgonjwa apelekwe hospitali kubwa akapigwe picha na kuchukuliwa kipande kidogo cha nyama kipimwe. Na mkewe, aliyekung'uta na kufua ovaroli zake zenye vumbi hilo miaka yote, naye aulizwe.

Kenya iliitaja asbesto kuwa taka hatari katika kanuni za 2006, ila mapaa ya zamani bado yapo. Yanapoezuliwa, kaunti ziandikishe mafundi wote, hata vibarua wa siku moja, ili daktari wa mwaka 2050 ajue pa kuanzia.