Feni Ivumayo Isihukumiwe Kabla ya Kusikilizwa



Katika shule nyingi, kompyuta ya mezani ikianza kuvuma kama mashine ya kusaga, hukumu yake hutolewa upesi: "Imekwisha hiyo, ipelekwe stoo." Kisha wanafunzi watatu hubanana mbele ya kompyuta moja. Mimi naona hukumu hiyo si ya haki, maana mara nyingi kilichoharibika ni kitu kidogo, na pengine hakuna kilichoharibika kabisa.

Feni iliyo juu ya prosesa haizunguki ovyo. Ndani ya prosesa mna kipima joto. Habari zake hufika kwenye bodi kuu, nayo bodi huiamuru feni iongeze mwendo au ipunguze. Sisi wa mlimani tunaufahamu utaratibu wa namna hii. Mfongo uletao maji migombani hufunguliwa na kufungwa kwa kadiri ya haja. Tena ukizibwa na majani, kuyazidisha maji kule kwenye banio hakufai kitu. Hapana budi kwenda kutazama palipoziba.

Basi swali la kwanza ni hili: je, prosesa ina joto kweli? Jibu limo katika ukurasa wa BIOS, ambao hufunguliwa wakati wa kuwasha kompyuta. Tena majira yaangaliwe. Mchana wa Februari mjini Moshi joto ni kali, na feni ina udhuru. Lakini ikivuma asubuhi ya Julai huko Machame, wala kompyuta haina kazi, hali ya hewa haina lawama.

Ikiwa joto la prosesa ni kubwa, feni inatii amri vyema. Tatizo ni kwamba joto halipati njia ya kutoka. Kompyuta izimwe, waya wa umeme uchomolewe, vumbi liondolewe kwa brashi laini, huku mapanga ya feni yameshikwa yasizunguke. Pengine grisi ipitishayo joto kati ya prosesa na alumini imekauka. Ifutwe, ipakwe nyingine kidogo tu.

Ikiwa joto ni dogo na feni bado inavuma, hapo amri ndiyo haifiki. Zihesabuni nyaya. Feni ya nyaya nne hupokea amri kwa waya wa nne. Ya nyaya tatu huongozwa kwa kupunguziwa umeme. Mtu akifunga ya nyaya tatu mahali pa ile ya nne, na mipangilio isibadilishwe, feni hupata volti 12 wakati wote, ikazunguka kwa nguvu zake zote. Dawa yake ni kubadili mpangilio mmoja katika BIOS, na haigharimu hata senti.

Wako wasemao, "Iacheni ivume, kelele haiui." Nakataa. Feni ivumayo siku zote haina tena namna ya kutuonya. Joto likizidi, prosesa hupunguza kasi ya kazi yake, na mwishowe kompyuta hujizima katikati ya somo.

Kwa hiyo naomba kila kompyuta iwe na daftari lake, iandikwe humo kiasi cha joto na siku ya kusafishwa. Na wanafunzi, wakisimamiwa na mwalimu, wapewe kipindi kimoja kila muhula kwa kazi hiyo. Nao wazazi, kabla ya kuchangia mashine mpya, wana haki ya kuuliza: zile zilizomo stoo zilipimwa na nani?