Springi haina fomula ishirini, jamani

Mitihani iko mlangoni na madesa ya mwendo wa hamoniki yanazunguka hosteli hadi hosteli. Fomula ukurasa mzima: springi ya kulala ina yake, ya kuning'inia ina yake, pendulamu nayo ina yake. Kwa maoni yangu, kumeza desa la namna hii ndiko kunakotupeleka sapu.

Hoja yangu fupi: anza na fosi. Ukisogeza kitu kutoka pale kinapotulia, kuna fosi inakirudisha. Kama fosi hiyo inakua sawasawa na umbali uliokisogeza, basi mchapuko = −ω²x, na muda wa mzunguko mmoja ni 2π gawa kwa ω. Unachotafuta ni ω tu, basi.

Mfano: mzigo wa nusu kilo umening'inizwa, springi ikarefuka sm 10. Muda wake? Mtu wa desa atalalamika "k hawajatoa" na kuruka swali. Lakini mzigo ukitulia, uzito wake unalingana na mvuto wa springi. Kwa hiyo k = 0.5 × 9.8 ÷ 0.1 = 49 N/m. ω² = k/m = 98, ω ni kama 9.9, muda ni sekunde 0.63. Mistari mitatu!

Sasa wageuze swali. Springi ikatwe katikati, utumie kipande kimoja: k inakuwa mara mbili, muda unashuka hadi 0.45. Vipeleke vitu mwezini: muda wa springi haubadiliki, ila wa pendulamu unakuwa karibu mara 2.5, maana kinachoirudisha pendulamu ni uzito wenyewe. Desa halikwambii hayo. Wala halikwambii kwamba fomula ya pendulamu ni ya pembe ndogo; ukiivuta hadi digrii 60 muda unaongezeka kama asilimia 7.

Najua wapo watakaosema, "Kaka, muda wa mtihani hautoshi." Sawa, lakini kukumbuka ipi kati ya fomula ishirini ndiyo ya swali hili nako kunakula muda, tena bila uhakika.

Halafu tusisahau, wengi wetu tunasomea ualimu. Kesho utasimama mbele ya kidato cha tano, mtoto akuulize kwa nini masi haimo kwenye fomula ya pendulamu. Utamwambia "ndivyo ilivyo"? Mwambie ukweli: masi inayovutwa chini ndiyo hiyo hiyo inayofanya kitu kiwe kizito kusogea, zinafutana. Ukishindwa hapo, naye atameza, na desa litarithiwa kizazi hadi kizazi.

Sikatai kugawana madesa. Ila chora kwanza, weka mishale ya fosi, ndipo ulifungue. Mwenye hoja tofauti aje kimbwetani na swali lake tulipige pamoja. Msuli mwema!