Ruta haijafa, msiitupe

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nitoe dukuduku langu kuhusu mafundi wanaodai ruta imekufa, kumbe umeme umekatika tu wakati programu yake inabadilishwa.

Hapa Dakawa mwenye steshenari aliambiwa hivyo, akatakiwa anunue mpya. Wakulima wa mpunga tukawa tunapanda gari hadi Morogoro mjini kutuma fomu zetu. Je, huo si upotevu?

Ruta nyingi zina programu ndogo ya kuwashia, iliyohifadhiwa mbali na ile kubwa. Hiyo ikiwa hai, ruta hupona. Kompyuta huunganishwa kwa waya na kupewa anwani inayotakiwa; kitufe cha riseti hubanwa huku ruta ikiwashwa; kisha programu ya aina ile ile hupakiwa upya.

Hatua hizo hutofautiana, na maelezo yake mara nyingi ni ya Kiingereza. Naiomba Mamlaka ya Mawasiliano (TCRA) iwatake waagizaji waweke maelezo ya Kiswahili. Mafundi nao wajaribu kwanza kabla ya kutangaza msiba.

Mkulima wa Mpunga,
Dakawa, Morogoro.