Bei ya Saumu na Habari za Nchi

Wako wasemao kwamba mkulima wa Endagikot hana haja na uhuru wa magazeti. Yamtosha redio na taarifa ya habari ya saa 2 usiku. Nakataa! Mkulima huyo huyo, auzapo vitunguu saumu vyake, huuliza bei ya Arusha kwa watu watatu kabla hajamwamini mmoja. Mbona habari za nchi aambiwe na mmoja? Na wale wanaoshangilia gazeti la wenzao likifungiwa (wapo, hata barazani petu) wakumbuke Agosti 2021: lililofungiwa siku 14 lilikuwa Uhuru, gazeti la chama kinachotawala. Mseto, lililofungiwa 2016, lilishinda mwaka 2018 katika Mahakama ya Afrika Mashariki, hapo hapo Arusha. Likafunguliwa Februari 2022.