Tuongee Nyumbani: Unauzisha Disiki ao Unauzisha Ruhusa?

Mwezi huu tuongee juu ya biashara moja ambayo vijana wanaiona ndogo: kuuzisha kwa intaneti disiki ya programu ya ordinatere iliyokwisha kutumika. Mutoto anasema: "Papa, disiki ni yangu, niliinunua na feza yangu. Nikiiuzisha, kosa liko wapi?" Tusimukaripie. Ulizo lake ni zuri, hata mahakama kubwa zimelihukumu.

Tutwae mufano. Mwaka 2002 Microsoft ya Marekani ilitoa Windows XP Media Center Edition. Ni programu ya musingi, ile inayoamusha mashini na kuiongoza, na ilifanywa kwa ajili ya saloni. Jamaa wanakaa kwenye viti, wanashika telekomande, wanatazama televizio na picha za ndoa, wanasikiliza miziki, yote kwa ordinatere moja. Mwanzoni ilikuja ndani ya mashini mupya tu. Toleo la 2005, lililotoka mwezi wa 10 mwaka 2004, hata mafundi wadogo wenye kuunga mashini waliweza kulinunua.

Sasa angalia vizuri. Disiki yenyewe ni plastiki tu. Kitu cha bei ni ruhusa ya kutumia. Ruhusa hiyo inajulikana kwa kibandiko chenye herufi na tarakimu 25, na kampuni iliandika katika mapatano kwamba ruhusa iliyokuja na mashini haitoki kwenye mashini ile. Wazee wa kambi watafahamu upesi: mutumishi alikaa katika nyumba ya kampuni, ufunguo ulikuwa mufukoni mwake, lakini hakuweza kuiuzisha nyumba.

Je, mapatano hayo yanafunga watu pahali pote? Hapana. Ujerumani, mwaka 2000, mahakama kubwa ilisema Microsoft haiwezi kuzuiza programu ya namna hiyo kuuzishwa bila mashini. Tarehe 3 mwezi wa 7 mwaka 2012, Mahakama ya Umoja wa Ulaya ilisema aliyenunua programu ya kutumia bila mwisho anaweza kuiuzisha, lakini sharti aondoe ile iliyo katika mashini yake. Marekani ni kinyume. Timothy Vernor aliuzisha kwa eBay programu za Autodesk zilizotumika. Mwaka 2010 mahakama ya rufaa ilisema wale waliomuuzishia walikuwa na ruhusa tu, haikuwa mali yao. Basi, yeye naye hakuwa na kitu cha kuuzisha.

Na disiki ya kopi? Kule Latvia watu wawili walishitakiwa kwa kuuzisha kwa intaneti kopi zaidi ya 3,000 za programu za Microsoft, kati ya 2001 na 2004. Mwaka 2016 Mahakama ya Ulaya ikajibu: kopi ya akiba huwezi kuuzisha bila ruhusa ya mwenye programu, hata kama disiki ya kwanza imepotea ao imeharibika.

Tena kuna jambo la uzee. Microsoft iliacha kuitunza Windows XP tarehe 8 mwezi wa 4 mwaka 2014. Windows 10, iliyotoka mwaka 2015, haina tena Media Center. Anayeiunga XP na intaneti leo anafanana na mutu anayelala mulango wazi. Kwa kutazama filme katika mashini ya zamani isiyounganishwa inafaa bado. Kwa barua na mambo ya banki, hapana.

Sasa fikiri mama muuza unga, anayeweka feza kidogo kidogo ili mutoto wake apate ordinatere ya masomo. Kwa picha anaona disiki inangaa. Feza inakwenda, disiki inafika, tarakimu zinakataliwa. Nani atamurudishia?

Basi, kijana wangu, mbele ya kuuzisha soma mapatano. Kama ruhusa ni ya mashini, uzisha mashini pamoja na disiki na kibandiko chake. Futa kwanza picha na barua za jamaa yako. Hapana kuonyesha zile tarakimu 25 kwenye picha ya soko, sababu mwingine atazitwaa mbele ya mununuzi. Na umwambie mununuzi bila kuficha: programu ni ya mwaka fulani, haitunzwi tena, inafaa kazi hii, haifai ile. Pengine bei itashuka. Lakini kama unaona ukimwambia yote hatainunua, ujue ulitaka kumuuzishia kutojua kwake. Disiki ile iache katika sanduku.