Ligi Isiyovuka Mto Tana

Msomaji, kabla hujaendelea mbele nakuomba ujibu maswali mawili. La kwanza: ni timu gani iliyotwaa ubingwa wa Uingereza mwaka 2025? La pili: ni timu gani iliyotwaa ubingwa wa Kenya mwaka huo huo?

Niliyauliza maswali haya katika darasa langu la kidato cha tatu hapa Garissa, alasiri moja ambayo hata chaki ilikuwa moto mkononi. Kwa swali la kwanza mikono yote iliinuka. Liverpool! Mmoja aliwataja wafungaji kwa majina, na mwingine akataka kutusimulia mechi moja dakika baada ya dakika, nikamzuia kwa kuwa kengele ilikuwa karibu kulia. Kwa swali la pili mikono ilishuka. Kijana mmoja alisema Gor Mahia, kwa sauti ya mtu anayekisia. Hakuna hata mmoja aliyesema Kenya Police, ingawa ubingwa ule ulikuwa wa kwanza katika maisha ya timu hiyo, tena ulipatikana katika nchi yao wenyewe.

Watu wazima wakisikia kisa hiki hutikisa vichwa na kusema kwamba vijana wamepumbazwa na runinga. Mimi sikubali. Mtu halaumiwi kwa kutoyajua mambo ya nyumba ambayo hakupata kukaribishwa hata barazani. Ligi ya taifa ya Kenya ilianza mwaka 1963. Tangu mwaka huo hata leo hakuna timu ya Garissa, wala ya Wajir, wala ya Mandera, iliyocheza msimu mmoja katika daraja lake la juu. Kwa hiyo nasema waziwazi, na atakaye kunipinga anipinge: ligi hii ni ligi, lakini haistahili kuitwa ya Kenya mpaka itakapovuka Mto Tana.

Hapa sina budi kuyatenga maneno mawili ambayo watu wengi huyachanganya, yaani kombe na msimu. Kombe ni sherehe. Huja kwa siku nne au tano, aghalabu uchaguzi unapokaribia. Jezi mpya hutolewa, fahali huchinjwa, picha hupigwa, mshindi hubebwa mabegani. Kisha magari huondoka na vumbi lake, na yule aliyeshindwa siku ya kwanza hana la kufanya ila kumngoja mgeni mwingine. Msimu ni ahadi. Katika msimu kila timu hukutana na kila timu mara mbili, nyumbani na ugenini. Timu iliyofungwa mabao matano Jumamosi hii haina budi kurudi uwanjani Jumamosi ijayo, na ile inayofuata, kwa mvua na kwa jua, mpaka hesabu ifungwe. Naye aliyekufunga kwake atakuja kwako. Atakunywa maji yako, atakanyaga mchanga wako, ataziona nyumba zenu na kuwasikia wazee wenu wakimzomea. Kwa njia hiyo kijana wa Kisumu ameijua Mombasa, na wa Mombasa ameijua Kakamega, bila kuhubiriwa na mtu yeyote habari za umoja wa taifa. Ni nani aliyeijua Garissa kwa njia hiyo? Garissa hujulikana kwa habari za ukame, mafuriko na mauaji. Sisi tumepewa makombe, hatujapewa msimu.

Wala jambo hili halikutokea lenyewe kama upepo. Utazame mwaka ule ule wa 1963. Nakuru All Stars ndio waliokuwa mabingwa wa kwanza. Desemba Kenya ikapata uhuru, na kabla ya mwezi kwisha hali ya hatari ikatangazwa katika jimbo letu kwa sababu ya vita vya Shifta. Hata kabla ya hapo, katika siku za ukoloni, sehemu hizi zilizoitwa NFD zilikuwa zimefungwa, na mtu hakuingia wala kutoka ila kwa kibali. Vita vilikwisha mwaka 1967, walakini sheria za hatari hazikuondolewa mpaka mwaka 1991. Fanya hesabu mwenyewe: ni miaka 28. Katika miaka hiyo ligi ilikua, ikapata mashujaa wake na visa vyake. Gor Mahia walipita msimu mzima wa 1976 bila kushindwa, na mwaka 1987 wakatwaa Kombe la Washindi la Afrika baada ya kwenda sare mara mbili na Esperance ya Tunisia, 2-2 kule Tunis na 1-1 Kasarani.

Huku kwetu uwanja wa mpira ulipewa kazi nyingine. Novemba 1980, mwaka ambao AFC Leopards walikuwa mabingwa, wakazi wa mji wa Garissa walikusanywa na askari katika uwanja wa shule ya msingi, wakazuiliwa hapo siku kadhaa bila chakula wala maji, na nyumba za mtaa wa Bula Karatasi zikateketezwa kwa moto. Mambo hayo yamo katika taarifa ya Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano ya mwaka 2013. Mzee mmoja jirani yangu aliniambia kwamba kwa miaka mingi hakuwaruhusu wanawe kucheza pale. Hakuchukia mpira. Alichukia mahali.

Matunda ya historia hiyo niliyaonja mimi nilipokuwa katika chuo cha ualimu. Jioni, baada ya chakula, wanafunzi wenzangu walizoea kukaa nje ya mabweni na kubishana. Huyu alikuwa wa Gor, yule wa Ingwe, wa tatu wa Bandari, na kila mmoja alikuwa na baba au mjomba aliyempeleka uwanjani akiwa mdogo. Siku moja wakanigeukia: «Nawe je, timu ya kwenu ni ipi?» Nilijibu, «Arsenal.» Walicheka sana, nami nikacheka pamoja nao. Lakini usiku ule sikulala mapema.

Sasa nayajua majibu nitakayopewa, maana nimeyasikia tangu ujana wangu. Watasema Garissa ni mbali. Kutoka Nairobi mpaka Garissa ni kama kilomita 370, kwa barabara ya lami, kupitia Thika na Mwingi. Kutoka Nairobi mpaka Mombasa ni kama kilomita 480. Timu za Nairobi na za pwani huifunga safari hiyo mwaka baada ya mwaka, na sijapata kumsikia mtu akisema kwamba Mombasa iko mbali mno kwa ligi. Ni kweli mafuriko ya mwaka 2023 yaliikata barabara kati ya Madogo na Garissa, na yale ya 2024 yakarudia. Lakini barabara iliyokatwa hutengenezwa, na mechi iliyoahirishwa huchezwa. Mandera ni neno jingine. Kilomita karibu elfu moja si safari ndogo, wala sitajidai kwamba ni ndogo.

Watasema jua. Jua la Garissa hutua kama majua mengine yote, na baada ya saa kumi na nusu vijana wetu hucheza.

Watasema usalama, na hapa sicheki. Tarehe 2 Aprili 2015 watu 148 waliuawa katika chuo kikuu kilicho mjini humu. Januari 2020 walimu watatu waliuawa Kamuthe, katika kaunti hii hii, na walimu wengi waliotoka sehemu nyingine wakahamishwa. Mimi ni mwalimu; siwezi kuyapita mambo hayo kwa mzaha. Lakini chuo kile kilifunguliwa tena Januari 2016, na wanafunzi wakarudi. Mabasi huja kila siku. Wachuuzi wa mifugo hufika kutoka bara, hununua ng'ombe wetu, huwapakia malorini na kwenda nao Nairobi. Ikiwa njia ni salama kwa ng'ombe anayekwenda kuliwa, kwa nini isiwe salama kwa vijana ishirini na mpira mmoja? Aliyemwaga damu ile alitaka Garissa iwe mahali ambapo mgeni haji. Kila msimu unaopita bila mgeni humpa kile alichokitaka.

Mwisho watasema kwamba nafasi katika ligi kuu hupatikana uwanjani, haitolewi kama sadaka: timu zenu na zipande ngazi kama wengine. Hili ndilo jibu lao lenye nguvu kuliko yote, nami nitalijibu kwa kukupeleka mbali kidogo, mpaka Amerika Kusini, katika nchi ya Peru.

Peru ina jangwa kando ya bahari, milima ya Andes katikati, na misitu ya Amazon upande wa mashariki. Mpaka mwaka 1965 ligi yake kuu ilikuwa ya watu wa Lima, mji mkuu, na Callao, bandari iliyo jirani; nchi nyingine yote ilikuwa ikisikiliza redio. Mwaka 1966 waliamua kwamba msimu uwe wa nchi nzima. Timu 4 za mikoani ziliingizwa pamoja na timu 10 za Lima na Callao, na mojawapo ilikuwa Melgar ya mji wa Arequipa. Hazikutwaa ubingwa, bingwa wa mwaka ule alikuwa Universitario ya Lima. Mtu mwenye haraka angesema jaribio limeshindwa, wageni na warudi kwao. Lakini miaka 15 baadaye, mwaka 1981, Melgar wakawa mabingwa wa Peru. Mwaka 2003 Cienciano ya Cusco, mji ulio kama mita 3,400 juu ya usawa wa bahari, iliishinda River Plate ya Argentina na kutwaa Copa Sudamericana. Timu kubwa zote za Lima hazikuwa zimepata kombe la bara hata moja. Na mchezo ule wa mwisho haukuchezwa Lima: ulichezwa Arequipa, kwa Melgar. Hata Iquitos, mji wa msituni usiofikiwa na barabara yoyote kutoka Lima, ila kwa ndege na kwa mto, umepata kuwa na timu katika ligi kuu.

Kisha turudi nyumbani. Msimu wa kwanza wa Kenya, ule wa 1963, ulikuwa na ngazi gani ya kupandia? Hapakuwa na daraja lililoutangulia. Timu ziliitwa, zikaja. Sisi siku hiyo tulikuwa nyuma ya mlango uliofungwa kwa kibali, na mlango ulipofunguliwa tuliambiwa kwamba wakati wa kuitwa umekwisha, sasa ni wakati wa kupanda. Ninachokidai si kikubwa. Mechi kadhaa za ligi kuu zichezwe Garissa kila mwaka, watu wazione kwa macho yao. Kisha timu moja ya kaskazini mashariki ipewe nafasi na nauli kwa misimu mitatu. Ikishindwa baada ya hapo, ishuke kama timu nyingine yoyote, hapo nitanyamaza.

Lakini nitakuwa mwongo nikiilaumu Nairobi peke yake. Soko letu la mifugo ni miongoni mwa masoko makubwa ya Kenya, na fedha zipitazo hapo kwa wiki moja zingeiweka timu mwaka mzima. Matajiri wetu hununua viwambo vikubwa ili tuwatazame Waingereza, nasi hulipa kiingilio kwa furaha. Lakini mwambie mmoja wao anunue nyavu za magoli, atakuuliza kombe ni la nani na nani atakuja kupiga picha. (Nanyi wasichana mnaosoma ukurasa huu, sijawasahau. Shauri lenu ni zito kuliko hili, maana ninyi hamkupewa hata kombe. Nalo lataka insha yake.)

Mwaka jana walimu watatu tulianzisha ligi ya mitaa. Timu 8, michezo 14 kwa kila timu, kila Jumamosi na Jumapili. Nililichora jedwali kwa mkono na kulibandika ukutani. Tulikwenda vizuri mpaka mchezo wa tisa. Ndipo likaja kombe la mkubwa mmoja, lenye zawadi ya fedha, na timu tano zikaondoka kwa siku moja. Nahodha wa timu iliyokuwa ikiongoza alinijia kwa adabu, akaniambia, «Mwalimu, wale wana jezi, wewe una ratiba tu.» Sikuwa na jibu. Kombe lile lilikwisha kwa siku nne, lakini timu hazikurudi, na jedwali langu lilikaa ukutani na nafasi zake tupu mpaka shule ikafungwa.

Mwaka huu tumeanza tena. Timu zimekuwa 6, kwa hiyo kila moja itacheza mara 10, nasi tumemaliza mchezo wa nne. Mpira tulio nao umezibwa mara tatu, kwa ajili ya miiba ya mathenge iliyojaa kando ya uwanja. Timu iliyo mkiani imefungwa mechi zote nne. Jana nahodha wake alinikuta nje ya ofisi ya walimu akanipa karatasi iliyokunjwa: majina kumi na moja kwa mchezo wa tano, na mawili ya akiba.