Usiuze Dishi Skrapu, Mota Haijafa

Wanangu, leo wanunuzi wa skrapu watanichukia. Boti yao ikiondoka hapa Ndau inabeba mabati, injini mbovu, na siku hizi madishi. Yale makubwa ya mota. Muulize mwenyewe mbona unauza: "Mota imekufa." Umejuaje? "Haligeuki."

Mi nabisha. Mara nyingi mota ni nzima. Shida iko kwenye sensa, kidude cha kioo kifupi kuliko njiti ya kiberiti.

Iko hivi. Setilaiti za TV zimejipanga juu ya ikweta, kama kilomita 36,000 kutoka hapa. Sisi ikweta tuko jirani nayo, ndo maana madishi yetu yanatazama juu kama bakuli, mvua ikinyesha yanajaa maji. Kuhama setilaiti moja kwenda nyingine kuna mkono wa chuma. Mota ya volti 36 inazungusha skrubu ndefu ndani yake, mkono unarefuka, dishi linainama. Geuza umeme, mkono unafupika.

Sasa lile boksi la sebuleni linajuaje dishi limefika wapi? Halioni kitu. Linahesabu tu. Kwenye gia kuna sumaku, ikipita karibu na kile kioo, vibati viwili vya ndani vinagusana kisha vinaachana. Kila mguso ni hesabu moja, na boksi linakumbuka kila setilaiti iko kwenye hesabu ya ngapi. Hesabu zisipokuja, linadhani mkono umekwama, linakata umeme. Wewe uko nje, unasikia "nguuu" sekunde mbili halafu kimya. Unaita boti ya skrapu.

Ami yangu alikuwa karibu kuliuza lake. Nikafungua kifuniko: waya nne, mbili nene za mota, mbili nyembamba za sensa. Nikaweka mita kwenye zile nyembamba, nikapitisha sumaku ya spika mbovu. Kimya. Kuangalia vizuri, chumvi ishakula waya pale kwenye skrubu. Nikakwangua, nikaunga, nikapitisha sumaku tena. Mita ikalia pii! Ami akanitazama: "Kwa hivyo haya ndo uliyoachia chuo?"

Wallahi chuo nilisoma umeme mihula mitatu na sensa sikuishika hata siku moja. Tulinakili ubao.

Lakini sijisifu sana. Kesho yake dishi likaanza kusimama pasipo pake, ami akasema ni jini. Kosa langu: nilibadilisha waya za sensa nikazipitisha sambamba na za mota, bila kinga. Mota ikizunguka inamwaga kelele za umeme, boksi likahesabu miguso isiyokuwepo. Nikaweka waya wenye wavu wa kinga, jini akahama.

Na nyinyi wa Arduino, poleni pole. Volti 36 kwenye pini ya volti 5 ni kuchoma pesa, mota ipitishe kwenye relei. Vile vibati vikigusana vinarukaruka, kwa hivyo subiri milisekunde chache kabla ya kuhesabu tena. Na ukikata umeme usiache kuhesabu, mota huteleza kidogo kabla ya kusimama. Mimi hapo palinitesa siku mbili.

Najua mtasema Starlink ipo Kenya tangu 2023, dishi lake jipya halina mota, linalenga lenyewe kielektroniki. Sawa. Lakini hilo huwezi kulifungua ukajifunza kitu kwa sumaku ya spika. Kule Ngomeni, Malindi, ambako setilaiti ya Uhuru ilirushwa 12 Desemba 1970, kuna madishi yanayogeuka kufuata vyombo vya angani. Yamezidi la ami kwa kila kitu, ila swali ni lile lile: mota imesukuma, dishi limefika wapi? Kijana wa Ndau akiweza kulijibu kwa dishi la ami, mbona asiende kulijibu kule?

Kwa hivyo kabla hujaita boti, pima zile waya mbili nyembamba. Mita ninayo, sumaku ninayo. Baada ya Alasiri nipo.